Je, ukinzani wa umeme unaweza kutupa upenyezaji wa mwamba wa gesi?

Swali, kutoka kwa Kori_Mlimani (Dar es Salaam)

Shikamooni wakubwa zangu, na salamu kwa wenzangu wote wa jukwaa hili.

Ninaandaa tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu miamba ya mchanga inayohifadhi gesi, na nimefika mahali ninapohitaji msaada wa watu waliokwisha kuyashika mambo haya kwa mikono yao. Nina sampuli mbili za mwamba wa mchanga, kila moja ikiwa na umbo la silinda lenye kipenyo cha sentimita 3.8 na urefu wa sentimita 5. Porositi ya zote mbili, yaani sehemu ya mwamba iliyo vinyweleo vitupu, ni asilimia 22. Nilizijaza maji ya chumvi yenye ukinzani mahsusi wa omu-mita 0.2, kisha nikapima ukinzani wake kwa mkondo wa kilohezi 1. Sampuli ya kwanza ilitoa omu 176 na ya pili omu 185, kwa hiyo, nikizingatia urefu na kipenyo cha silinda, uwiano wa ukinzani mahsusi wa mwamba uliojaa maji kwa ukinzani mahsusi wa maji yenyewe, yaani ile F ya Archie, ni 20 kwa ya kwanza na 21 kwa ya pili. Nilipozipitishia gesi ili kupima upenyezaji, yaani urahisi wa gesi au maji kupita ndani ya mwamba, ya kwanza ilitoa milidarsi (kizio cha upenyezaji) 400 na ya pili milidarsi 9.

Hapo ndipo ninapokwama. Umeme unapita kwenye maji yaliyomo ndani ya vinyweleo, na gesi au maji hupita kwenye vinyweleo hivyo hivyo. Inakuwaje basi umeme uzione sampuli hizi kuwa karibu sawa, ilhali moja inapitisha gesi zaidi ya mara 40 kuliko nyingine? Ninauliza kwa sababu kori, yaani vipande vya mwamba vinavyokatwa kisimani, ni chache na ni ghali, wakati logi za ukinzani, yaani vipimo vya kifaa kinachoshushwa kisimani, zipo kwa kisima kizima kuanzia juu hadi chini. Nilitarajia kutumia logi hizo kukadiria upenyezaji mahali ambapo hapakukatwa kori, na sasa sijui kama njia hiyo ina msingi wowote.

Jibu la kwanza, kutoka kwa Mzee_wa_Logi

Marahaba, kijana wangu. Vipimo vyako havina kasoro ninayoiona. Kilichotokea kwenye sampuli zako ndicho kinachopaswa kutokea, na ukikielewa vizuri utakuwa umepata sura nzima ya tasnifu yako.

Chukua bomba moja jembamba lililojaa maji ya chumvi. Mkondo wa umeme unaopita humo hutegemea eneo la mkato wake, yaani nusu kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe, kwa sababu ioni husafiri katika upana wote wa bomba, na ioni iliyo karibu na ukuta hutembea takriban sawa na ile iliyo katikati. Maji yakisukumwa kwa shinikizo mambo ni tofauti kabisa. Mnato huyashikiza ukutani, kasi yao pale ukutani ni sifuri na hupanda kadiri unavyokaribia katikati, na matokeo yake ujazo unaopita hutegemea nusu kipenyo kwa kipeo cha 4. Sasa liondoe bomba hilo lenye nusu kipenyo cha mikromita 10, na mahali pake uweke mabomba 100 ya mikromita 1 kila moja. Eneo la jumla halijabadilika, porositi haijabadilika, mkondo wa umeme haujabadilika hata kidogo, lakini maji yanayopita yamepungua mara 100.

Ukiandika hayo kwa hesabu, unapata kwamba upenyezaji ni sawa na nusu kipenyo kwa kipeo cha 2, kugawanya kwa 8F. Ndani ya F mna porositi na mizunguko ya njia, na hamna habari yoyote ya ukubwa wa tundu. Tumia takwimu zako mwenyewe. Milidarsi 400 na F ya 20 vinadai nusu kipenyo cha karibu mikromita 8, na milidarsi 9 na F ya 21 vinadai mikromita 1.2 hivi. Kwa hiyo mwamba wako wa kwanza na wa pili una mtandao wa njia unaofanana, isipokuwa shingo za vinyweleo, yaani sehemu nyembamba zinazoviunganisha, vya ule wa pili ni nyembamba takriban mara sita na nusu. Hiyo ndiyo tofauti yote uliyoiona, na umeme hauna namna ya kuiona kwa kipimo cha masafa mamoja katika maji yenye chumvi nyingi.

Tangu logi ya kwanza ya umeme iliposhushwa kisimani Pechelbronn, Ufaransa, mwezi Septemba 1927, watu wametamani ukinzani uwaambie kisima kitatoa kiasi gani. Archie mwenyewe, katika makala yake ya 1942, alichora F dhidi ya porositi na akaichora pia dhidi ya upenyezaji, na uhusiano alioushika na kuujengea fomula ukawa ule wa porositi. Fomula hiyo, inayosema F ni 1 kugawanya kwa porositi iliyopandishwa kwa kipeo fulani, inakukubali: porositi ya 0.22 na F ya 20 vinatoa kipeo cha 1.98, karibu kabisa na 2 inayotarajiwa kwa mchanga ulioshikamana.

Kuhusu logi, tahadhari moja ambayo wanafunzi wengi huipita. Katika tabaka la gesi, ukinzani unaosomwa na logi ni wa mwamba ambao sehemu kubwa ya vinyweleo vyake imejaa gesi, na gesi haipitishi umeme. Huwezi kuitoa F moja kwa moja hapo. Unaweza kuipata chini ya mpaka wa gesi na maji, mahali ambapo mwamba umejaa maji peke yake na ukinzani wa maji hayo unajulikana, au kwa uangalifu mkubwa katika eneo la karibu na ukuta wa shimo lililooshwa na maji ya tope la kuchimbia. Kwa hiyo unapoiambatanisha logi na kori, hakikisha kwanza kwamba zote mbili zinazungumzia kitu kimoja.

Jibu la pili, kutoka kwa Bi_Maabara

Ninakubaliana na Mzee wa Logi katika yote aliyoyasema, na ningependa kuongeza mambo ya mezani, kwa sababu kati ya fomula na sampuli kuna kazi nyingi ya mikono inayoamua kama tarakimu zina maana.

Jambo la kwanza ni udongo wa mfinyanzi. Sampuli yako ya pili, yenye milidarsi 9, ninaishuku kuwa na mfinyanzi ndani yake. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi juu ya nyuso zake, na ioni zinazovutwa na chaji hiyo hupitisha umeme zikiambaa kwenye kuta, juu ya ule umeme unaopita katika maji. Matokeo yake ukinzani hushuka na F unayoihesabu hutoka ndogo kuliko F ya kweli. Waxman na Smits waliiweka hali hii katika mlinganyo mwaka 1968, na njia ya kuitambua haihitaji kifaa kipya. Ijaze sampuli maji ya chumvi ya viwango kadhaa, ukianza na yenye chumvi nyingi na kushuka taratibu, na kila mara upime upitishaji umeme wa mwamba na wa maji. Ukichora moja dhidi ya jingine, mwamba safi utakupa mstari unaopita kwenye sifuri. Mwamba wenye mfinyanzi utakupa mstari unaokata juu ya sifuri, na ukishafika kwenye maji ya chumvi nyingi, mwinuko wa mstari huo ndio kinyume cha F ya kweli. Usiogope muda unaotumika. Kila unapobadilisha maji, sampuli huchukua siku kadhaa kutulia, na utaiona ikitulia: usomaji wa asubuhi na wa jioni unaendelea kusogea, kisha unasogea kidogo, kisha unasimama. Kabla haujasimama, hiyo tarakimu usiiandike.

Jambo la pili ni joto, na hapa Dar es Salaam jambo hili si dogo. Ukinzani wa maji ya chumvi hupungua kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Umeme wa gridi ukikatika, kiyoyozi kikazima, na chumba kikapanda kutoka nyuzi 24 hadi nyuzi 31, ukinzani wa sampuli ile ile utashuka kwa karibu asilimia 13 bila mwamba kubadilika chochote. Kama ulipima maji asubuhi na mwamba alasiri, F yako tayari imeharibika. Weka kipimajoto ndani ya kishikizo cha sampuli, pima maji na mwamba kwa wakati mmoja, na uandike joto kando ya kila tarakimu.

Kisha kuna uso wa sampuli. Ukiitoa kwenye maji na kuifunga huku maji yanatiririka pembeni, umeme utapita juu ya ngozi ya sampuli badala ya ndani yake. Ukiipangusa mno, ncha zake hukauka na ukinzani wa mguso unapanda. Desturi nzuri ni kuizungusha mara moja juu ya karatasi ya kuchujia iliyoloweshwa maji yale yale, kuiweka kwenye mkono wa mpira unaobanwa kwa shinikizo, na kutumia elektrodi nne: mbili za nje zinapeleka mkondo, mbili za ndani zinasoma volti. Kwa namna hiyo ukinzani wa mguso hauingii kwenye hesabu.

Na hivyo vipimo vya gesi, tafadhali viangalie tena kwa sampuli ya pili. Ukiikausha kwenye tanuri la joto kali, nyuzi nyembamba za ilaiti (aina ya mfinyanzi) zinazoota ndani ya vinyweleo huanguka na kulala ukutani, na gesi hupita kwa urahisi ambao haukuwepo wakati mwamba uko chini ya ardhi. Zaidi ya hapo, gesi ya shinikizo dogo huteleza ukutani na kutoa upenyezaji mkubwa kuliko wa kweli, kama Klinkenberg alivyoonyesha mwaka 1941. Pima kwa mashinikizo kadhaa uondoe athari hiyo. Ninatarajia 9 yako ishuke.

Sasa nirudi kwenye swali lenyewe. Kama F haina ukubwa wa tundu, yaani haina urefu wowote ndani yake, urefu huo inabidi uletwe na kipimo kingine. Njia iliyothibitika zaidi ni zebaki. Zebaki haiingii kwenye mwamba kwa hiari yake. Inasukumwa, na kadiri shinikizo linavyoongezeka ndivyo inavyoingia kwenye shingo nyembamba zaidi. Kuna shinikizo moja ambapo, kwa mara ya kwanza, zebaki inapata njia inayoendelea kutoka upande mmoja wa sampuli hadi wa pili. Katz na Thompson walionyesha mwaka 1986 kwamba kipenyo cha shingo kwenye hatua hiyo, kikizidishwa kwa chenyewe na kugawanywa kwa 226F, kinatoa upenyezaji, na hakuna tarakimu ya kurekebishwa kwa kubahatisha. Kwa mfano, kipenyo cha mikromita 20, ambacho zebaki hukipenya kwa shinikizo la karibu kilopaskali 74, pamoja na F ya 20, vinatoa milidarsi 90 hivi. Mwaka huo huo Johnson, Koplik na Schwartz walifika mahali panapofanana kwa njia ya nadharia, wakitumia urefu unaolinganisha ujazo wa vinyweleo na eneo la kuta zake huku kila mahali pakipewa uzito kwa kadiri umeme unavyopita hapo. Ninaupenda sana mtazamo wao, kwa sababu unaweka wazi kwamba umeme una kazi yake halali hapa: ndio unaotuonyesha ni vinyweleo vipi vimo njiani na vipi ni mifuko isiyo na mlango wa pili.

Jibu la tatu, kutoka kwa Kisima_Kigamboni

Habari zenu wote. Mimi ninafanya kazi ya maji, si ya gesi, lakini suala hili tunakutana nalo kila tunapotafuta mahali pa kuchimba visima katika pwani hii, na kuna jambo moja ambalo linaweza kumsaidia ndugu yetu.

Uhusiano kati ya ukinzani na upenyezaji unaweza kugeuka upande kutegemea maji yaliyomo. Katika maji ya chumvi nyingi, umeme wote unapita majini, kwa hiyo tabaka lenye porositi kubwa lina ukinzani mdogo, na mara nyingi ndilo linalopitisha maji vizuri. Katika maji baridi, mfinyanzi ndio unaobeba sehemu kubwa ya umeme, kwa hiyo tabaka lenye ukinzani mdogo ni lenye mfinyanzi na halipitishi maji, na lile lenye ukinzani mkubwa ni mchanga safi unaopitisha. Huku kwetu ambako maji baridi yanakaa juu ya maji yaliyoingiliwa na bahari, hali zote mbili zinaweza kuwepo katika shimo moja. Ukinzani mdogo peke yake hauniambii kama nimegusa mfinyanzi au nimegusa chumvi, na mteja anayesubiri maji hawezi kupewa jibu la namna hiyo. Ndiyo maana hatuachi kuangalia vipande vinavyotoka kwenye shimo na kufanya jaribio la kupampu.

Kwa hiyo ukikuta makala yenye mchoro mzuri unaounganisha ukinzani na upenyezaji, uliza kwanza maji yao yalikuwa na chumvi kiasi gani, kisha ndipo uamue kama mchoro huo unaweza kuvuka kuja kwenye kisima chako.

Kutoka kwa Kori_Mlimani

Ninawashukuru sana. Mmenifungua macho, hasa kuhusu ule urefu unaokosekana. Ningependa kuuliza mambo mawili zaidi. Je, hakuna kipimo cha umeme kinachoweza kuuleta urefu huo chenyewe, bila zebaki? Na je, upenyezaji wa kulinganisha, yaani namna maji na gesi vinavyogawana njia wakati vyote viwili vimo ndani ya mwamba, unaweza kupatikana kwa umeme? Kuupima moja kwa moja kunachukua muda mrefu mno.

Kutoka kwa Bi_Maabara

Kwa swali la kwanza jibu ni ndiyo, ila kwa masharti. Badala ya masafa mamoja, pima kwa masafa mengi kuanzia sehemu ya elfu ya hezi hadi kilohezi kadhaa, na usome pia kiasi ambacho volti inachelewa nyuma ya mkondo. Ioni zilizoshikamana na nyuso za chembe husogezwa na umeme, kisha huhitaji muda kurudi mahali pake, na muda huo hukua kwa kadiri ya urefu wa safari kwa kipeo cha 2. Tundu kubwa hujibu polepole, tundu dogo hujibu haraka. Kwa mchanga safi, shingo za mikromita 8 kama zako za kwanza zingeonyesha kilele cha ucheleweshaji kwenye hezi chache, na za mikromita 1.2 kwenye mamia ya hezi. Vinegar na Waxman walilieleza umbo la ucheleweshaji huu katika mchanga wenye mfinyanzi mwaka 1984, na kazi nyingi zimefuata. Sharti lenyewe ni kwamba kasi ya ioni juu ya nyuso za mfinyanzi ni ndogo sana ikilinganishwa na juu ya mchanga safi, kwa hiyo bila kurekebisha kwa sampuli za eneo lako unaweza kukosea urefu mara kadhaa, na kosa hilo linazidishwa kwa lenyewe linapoingia kwenye upenyezaji. Katika mwamba ambao mfinyanzi wake unaujua, ninaiamini njia hii. Katika mwamba nisioujua, ninaichukulia kama kidokezo tu.

Kutoka kwa Mzee_wa_Logi

Swali lako la pili ni zuri kuliko la kwanza, kwa maoni yangu, kwa sababu hapo umeme uko kwenye nafasi bora zaidi. Upenyezaji wa kulinganisha ni uwiano: upenyezaji wa maji wakati gesi imo, ukigawanywa kwa upenyezaji wakati mwamba umejaa maji matupu. Uwiano huo unapotengenezwa, sehemu ya ule urefu unaokusumbua inajiondoa yenyewe.

Mwaka 2008 Kewen Li wa Chuo Kikuu cha Stanford alipendekeza kwamba upenyezaji wa kulinganisha wa maji ukadiriwe kwa kuchukua kiasi cha maji kinachoweza kusogea, kikiwa kimepimwa kati ya 0 na 1, na kukigawanya kwa uwiano wa ukinzani wa mwamba wenye gesi kwa ukinzani wa mwamba ule ule ukiwa umejaa maji. Tuseme maji yamejaza asilimia 60 ya vinyweleo, asilimia 20 ni ya kubaki isiyotoka, na kipeo cha Archie cha maji, kinachoonyesha jinsi ukinzani unavyopanda maji yanapopungua, ni 2. Uwiano wa ukinzani ni 2.78, kiasi kinachosogea ni 0.5, na upenyezaji wa kulinganisha wa maji unatoka 0.18. Fomula ya zamani ya Corey ya 1954, inayochukua kiasi hicho hicho kwa kipeo cha 4, inatoa 0.06 tu. Tofauti ya mara tatu kati ya fomula mbili kwa takwimu zile zile haipaswi kufichwa ndani ya jedwali. Inakulazimu upime angalau sampuli moja moja kwa moja, uone mwamba wako unaelekea wapi, kisha ndipo uitumie njia ya umeme kwa sampuli zilizobaki.

Una bahati moja. Miamba ya gesi kwa kawaida hushikwa na maji kwenye kuta zake, na gesi hukaa katikati ya vinyweleo. Maji yanabaki kuwa utando unaoendelea, na umeme unaendelea kuufuata hata yanapopungua. Mahali ambapo mafuta yameshika kuta, maji hukatikakatika kuwa matone, kipeo kile hupanda mbali juu ya 2, na makadirio yote ya namna hii huyumba. Mchanga wa Songo Songo, ambao gesi yake iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutufikia hapa jijini mwaka 2004, ni wa gesi, na vivyo hivyo Mnazi Bay. Kwa hiyo kama kuna mahali pa kuijaribu njia hii kwa matumaini, ni katika miamba ya pwani yetu.

Kutoka kwa Kori_Mlimani

Nimeelewa, Mzee, na nimeelewa, Bi. Basi nipangieni tu utaratibu wa vipimo, maana sampuli ninazo hizo mbili na sitapewa nyingine.

Kutoka kwa Bi_Maabara

Kabla ya yote, kata kipande chembamba kutoka ncha ya kila sampuli na ukihifadhi pembeni, kwa sababu mwamba ukishaingizwa zebaki hautumiki tena kwa kipimo kingine chochote. Sampuli kubwa ikaushwe kwa joto la chini lenye unyevu uliodhibitiwa, ipimwe porositi, kisha upenyezaji wa gesi kwa mashinikizo kadhaa. Baada ya hapo ivutwe hewa yote, ijazwe maji yenye chumvi nyingi, na upime ukinzani kwa masafa yote uliyonayo. Pitisha maji hayo hayo upate upenyezaji wa maji, halafu ushuke hatua kwa hatua kwenye maji yenye chumvi kidogo, ukikumbuka kutofika kwenye maji baridi kabisa, kwa sababu mfinyanzi unaweza kuvimba au kubanduka na kuziba shingo. Rudisha maji ya chumvi nyingi, hakikisha ukinzani umerudi pale ulipoanzia, na hapo ndipo usukume gesi hatua kwa hatua huku ukisoma ukinzani kila maji yanapotulia. Vile vipande vyembamba vipeleke kwenye zebaki mwishoni, na F utakayoiingiza kwenye ule mlinganyo wa 226 iwe ile ya mwinuko wa mstari, si hii 21 uliyonayo sasa.